Mafuta ya ufuta kwa mzazi na kichanga: ya kupaka sawa, ya puani hapana

"Asalaam alaykum dokta. Nipo Tanga mjini, Ngamiani, nimejifungua mtoto wa kiume ana wiki tatu sasa na nipo kwa mama mkwe namalizia arobaini. Mama mkwe kaletewa lita mbili za mafuta ya ufuta toka Handeni, yale ya kukamua, anasema ndo dawa ya kila kitu. Mtoto anapakwa mwili mzima asubuhi na jioni, akikoroma anatiwa tone kila tundu la pua, akilia tumbo analambishwa kidogo ili choo kilainike. Mimi natakiwa ninywe vijiko viwili kila asubuhi kabla sijala eti maziwa yatashuka na presha itaondoka, maana nilipata presha miezi ya mwisho ya mimba na hospitali walinipa vidonge niendelee navyo. Nimesoma pia mtandaoni kwamba yana kalsiamu kuliko maziwa ya ng'ombe. Sitaki kumkosea mama wa watu ila nina wasiwasi. Je yana faida kweli au mazoea tu? Nikipikia je? Na nitajuaje kama hayajachakachuliwa?"

Waalaykum salaam mama, na hongera sana, Mungu amkuze mtoto. Umeuliza swali moja lakini ndani yake yapo kama sita, na yote nayasikia sana kwa wazazi wa huku kwetu, kwahiyo nitakujibu kirefu, vumilia.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu mama mkwe. Hajakuletea sumu. Mafuta ya ufuta, au ya uto kama wanavyosema wazee, yametumika pwani hii kwa kula, kusingia na kukandia wazazi tangu zamani sana, na Unguja walikuwa wanayakamua kwa kinu kinachozungushwa na ngamia. Ni mafuta mazuri. Ila katika hayo unayofanyiwa yapo ya kuendelea nayo, yapo yasiyo na faida wala madhara makubwa, na yapo mawili ya kuacha leo hii kabla hujamaliza kusoma.

Naanza na la pua maana hilo halisubiri. Mtoto asitiwe tena mafuta puani, hata tone moja, hata yawe safi vipi. Najua utaniambia mbona akitiwa anapata nafuu, na kweli nafuu mnaiona, kamasi iliyokauka inalainika na mlio unapungua. Tatizo lipo kwenye yale yanayoendelea kushuka. Mtu maji yakimpalia anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na ile kukohoa ndo ulinzi wenyewe wa mapafu. Mafuta hayamshtui mtu hivyo, ni laini, hayawashi, yanateleza taratibu nyuma ya pua mtoto kalala chali, yanapita kwenye njia ya hewa na wala hakohoi, na nyinyi mnasema alhamdulillahi kalala. Sasa yakifika kwenye mapafu hayana pa kwenda. Tumboni kuna nyongo na vimeng'enya vya kuvunja mafuta, kwenye mapafu hakuna kitu kama hicho. Zinakuja seli za ulinzi zinayameza, zinajaa mafuta, zinashindwa kuyamaliza, na sehemu ile inavimba, ikiendelea muda mrefu inaweza kuacha kovu. Sisi tunaita nimonia ya mafuta. Mtoto anapumua haraka haraka, anakohoa kidogo kidogo, anapewa antibayotiki na haponi vizuri kwasababu kilichomo mle ni mafuta, antibayotiki haiyafanyi kitu. Daktari akiangalia eksrei anaona doa kama la nimonia ya kawaida, na kama hakuna aliyemwambia kuhusu mafuta ya puani atahangaika sana.

Kuna mfano mmoja wa hospitalini unaonisaidia kueleza hili. Wagonjwa wa akili wengine wanachomwa sindano ya haloperidol decanoate mara moja kwa mwezi hivi, na dawa ile imeyeyushwa kwenye mafuta haya haya ya ufuta, yaliyosafishwa kiwandani kwa kiwango cha sindano. Yametumika kwasababu yakikaa kwenye msuli yanaondoka polepole mno, dawa inatoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwenye tako la mtu mzima huo uvivu ni faida kubwa, hahitaji kumeza kidonge kila siku. Kwenye pafu la mtoto wa wiki tatu ni balaa. (Na tafadhali asije mtu akajichoma mafuta ya dukani, nimesema ya kiwandani yaliyotakaswa.)

Halafu kukoroma kwenyewe. Kichanga anapumulia pua karibu muda wote na matundu yake ni membamba, kamasi kidogo tu inatoa mlio utadhani mzee kalala. Kama ananyonya vizuri, rangi yake nzuri, hana homa na hapumui kwa shida, huo mlio wala usikunyime usingizi. Pua ikiziba kiasi cha kumsumbua kunyonya nenda duka la dawa uombe matone ya maji ya chumvi ya pua ya watoto, unatia tone moja au mawili kila tundu muda mfupi kabla ya kumnyonyesha, kamasi inalegea na chochote kikishuka ni maji chumvi tu ambayo mwili unayajua. Usitengeneze mwenyewe nyumbani, kipimo cha chumvi kinakosewa kirahisi. Na nikuulize, chumbani kwa mzazi mnafukiza udi na ubani? Jiko la mkaa lipo humo humo? Mmewasha ile dawa ya mbu ya kuzunguka? Maana mara nyingi pua ya mtoto imeziba kwa moshi, mnamtibu kwa mafuta na moshi bado upo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari hata kwako mwenyewe, litolewe. Udi fukizeni nguo huko nje kisha muingize nguo.

La pili la kuacha ni kumlambisha. Njia ni ile ile, mtoto analia huku kafungua mdomo, mafuta yanawekwa ulimini, akivuta pumzi yanakwenda kusikotakiwa. Na hata yakienda tumboni salama bado hayana kazi. Mpaka atimize miezi sita mtoto anatakiwa maziwa yako tu na dawa atakazoandikiwa, basi, si maji, si asali, si maji ya chango, si mafuta. Mtoto anayenyonya anaweza kujisaidia mara sita kwa siku, na akishapita mwezi hivi anaweza kukaa siku kadhaa bila kwenda, choo kikitoka laini ujue hajafunga choo. Kulia jioni jioni na kujikunja miguu ni kawaida ya wiki hizi, kunaongezeka mpaka karibu wiki ya sita halafu kunapungua. Mbebe wima begani baada ya kunyonya acheue, mzungushe miguu kama anaendesha baiskeli, mkande tumbo taratibu. Hapo kwenye kukanda tumbo ndo mafuta ya mama mkwe yana kazi, nje ya tumbo.

Masikioni hukuniuliza ila nakujibu maana ukizuia pua watahamia huko: nako hapana. Sikio linajisafisha lenyewe, na kama kuna usaha au ngoma imetoboka mafuta yanaingia ndani na kuzidisha tatizo.

Sasa kupaka, na hapa nipo upande wa mama mkwe kabisa. Kumkanda mtoto kuna faida zake, analala vizuri, anatulia, na mkono wa bibi unamzoea mjukuu. Mafuta ya ufuta kwa kazi hiyo yanafaa kwasababu karibu nusu yake ni asidi ya linoleiki, aina ya mafuta ambayo ngozi inaitumia kujenga ukuta wake wa kuzuia maji yasipotee. Sehemu nyingine inayokaribia hapo ni asidi ya oleiki, hiyo ndo imejaa kwenye mafuta ya zeituni, na ikizidi sana kwenye ngozi changa inalegeza ule ukuta. Kwahiyo ukiniuliza kati ya zeituni ya bei mbaya ya dukani na ufuta wa Handeni nimpake kichanga kipi, nakwambia ufuta, pesa iliyobaki nunua nepi.

Ila kiasi. Tanga hii joto na unyevu, mtoto akipakwa mafuta mpaka anang'aa kisha akavishwa soksi, kofia na blanketi juu, vinyweleo vinaziba, jasho halina pa kutokea na harara inamjaa shingoni na kifuani, mnaanza kusema ana upele wa joto la mama. Kijiko kimoja cha chai kinatosha mwili mzima wa mtoto wa umri huo, mara moja kwa siku inatosha, tena bora kabla ya kuoga ili ya ziada yaondoke na maji. Mama mkwe ayamimine kwenye kiganja chake kwanza, asugue viganja yapate joto, aanze miguuni apande juu. Usoni karibu na pua na mdomo aruke. Kitovu kama hakijapona vizuri asikiguse. Na yasichanganywe na karafuu, marashi, liwa wala kile kimchanganyiko cha singo, hayo ni yako wewe na somo wako. Jambo jingine dogo ila nimeliona: mtoto aliyepakwa mafuta anateleza kama kambare, asibebwe kupelekwa bafuni bila taulo.

Siku ya kwanza mngetakiwa kujaribu sehemu ndogo ya mkono kwanza, ila kwakuwa wiki tatu hizi ngozi haijaleta shida endeleeni. Tahadhari ni kama mtoto ana ngozi iliyochanika, kavu, yenye mabaka mekundu na muwasho, ile pumu ya ngozi. Hapo msipake mafuta ya kukamua. Yana mabaki ya protini za ufuta, na protini ya chakula ikipita kwenye ngozi iliyopasuka kabla mtoto hajaanza kula, mwili unaweza kujifunza kuiona kama adui na baadae akila kitu chenye ufuta anavimba. Mzio wa ufuta upo, Marekani tangu Januari 2023 vyakula vya pakiti vinalazimika kuutaja, umekuwa wa 9 kwenye orodha yao. Kwetu hausikiki sana lakini si hadithi.

Na mkimaliza kumpaka msimuanike juani mkadhani mafuta yanamkinga. Yanazuia mionzi kidogo sana, hayatoshi hata kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, na kwa ndugu zetu wenye ualbino kuyategemea ni kujiumiza. Wao wanahitaji losheni ya jua ya kweli, kofia pana na mikono mirefu.

Tuje kwako. Maziwa hayaongezwi na mafuta. Kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya: akivuta ubongo unatoa homoni ya kutengeneza na homoni ya kuyasukuma, titi likiisha linapewa amri ya kujaza, likibaki limejaa linapunguza uzalishaji. Mafuta unayokula yanabadilisha aina ya mafuta yaliyomo kwenye maziwa lakini wingi wa maziwa hauyajali. Kama unaona maziwa machache mnyonyeshe mara 8 mpaka 12 kwa siku usiku ukiwemo, hakikisha ameshika weusi wa titi na si chuchu tupu, kunywa maji ukisikia kiu na ule vizuri. Mzazi anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina kama 120, kwahiyo vijiko viwili vya asubuhi vitakupa nguvu ndio, ila hata ukiyatia kwenye mchicha utapata nguvu ile ile na mchicha juu. Kunywa tumbo tupu hakuna siri yoyote, zaidi utaharisha na kuchefukwa. Ukitaka kumfurahisha mama mkwe mwambie yaende kwenye mboga yako, umekula vyote viwili.

Hiyo presha sasa ndo inayonitisha kuliko maswali yako mengine yote, na wewe umeitaja kama kitu cha njiani tu. Tafiti za ufuta na presha zipo, nyingi ndogo, nyingi za Asia. Watu waliobadilisha mafuta ya kupikia wakatumia ya ufuta presha zao zilishuka kiasi, na kuna sababu ya kuamini, mafuta haya hayana mafuta mgando mengi, kama asilimia 15 tu, na yana sesamini na wenzake, viambato vya asili vya ufuta, ambao wanaonekana kusaidia mishipa kulegea. Ila angalia vizuri, kwenye baadhi ya tafiti hizo wagonjwa walikuwa wanaendelea na vidonge vyao, mafuta yakawa nyongeza. Na presha yako si ile ya mtu mwenye miaka 55. Presha iliyoanza kwenye mimba inaweza kupanda hata baada ya kujifungua na kukuletea kifafa cha mimba ukiwa nyumbani umeshashika mtoto, mpaka wiki 6 bado uko kwenye kipindi cha kuangaliwa. Hakuna kijiko cha mafuta chochote kinachozuia hilo. Vidonge ulivyopewa meza kama ulivyoelekezwa, vile wanavyoandikia mzazi anayenyonyesha vimechaguliwa kwa kujua unanyonyesha, usiache kwasababu umejisikia vizuri wala kwasababu umeanza mafuta. Kama umeshaacha, usirudie kumeza kwa kubahatisha, nenda kapime leo na uwaambie.

Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi rudi kliniki siku hiyo hiyo. Ikifika 160 kwa 110, au ukapata kichwa kinachouma hakiishi kwa panadol, ukungu au vimulimuli machoni, maumivu makali chembe au chini ya mbavu za kulia, pumzi kubana, au mwili kukakamaa, hiyo ni dharura hata iwe saa nane usiku, hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na mama mkwe aambiwe hivyo sasa hivi kabla hakijatokea kitu, kwasababu wewe wakati huo hutaweza kujieleza. Kwa mtoto, mpelekeni bila kungoja akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikiingia ndani akivuta pumzi, akigoma kunyonya, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, au akipoa na kulegea. Na kwakuwa ameshatiwa mafuta puani wiki hizi, hata kama yuko mzima kabisa wakati wa mahudhurio yako yajayo mwambie muuguzi asikilize kifua na umtajie mafuta, usione aibu, hatugombezi.

Kalsiamu. Hiyo habari ya mtandaoni imechanganya mbegu na mafuta. Mbegu ya ufuta yenye ganda ina kalsiamu nyingi kweli, kama miligramu 975 kwenye gramu 100, japo sehemu kubwa imeshikana na oksaleti ya kwenye ganda na tumbo haliipati yote. Ila ukishakamua, madini yote na protini vinabaki kwenye mashudu, kwenye mafuta kalsiamu ni sifuri. Kwahiyo ng'ombe wa Handeni anayelishwa yale mashudu ndo anafaidi, wewe umeletewa mafuta matupu. Ukitaka kalsiamu tafuna ufuta wenyewe uliokaangwa, kashata zake, au usage utie kwenye uji, na dagaa wa kuliwa na mifupa yao, na maziwa.

Kuhusu uhalisi, ule ushauri wa kuweka kwenye friji uone kama yanaganda usiutegemee, mafuta mengi ya mimea yanakaa majimaji tu na yaliyochanganywa pia. Maabara wana kipimo cha zamani kinachogeuza mafuta ya ufuta kuwa mekundu, na India waliwahi kulazimisha kimbo zao zitiwe asilimia 5 ya mafuta ya ufuta ili mtu akichanganya kwenye samli ashikwe kwa rangi hiyo. Lakini kipimo hicho kinakwambia ufuta umo, hakikwambii kwa urahisi umechanganywa na alizeti kiasi gani. Nyumbani tumia pua na ulimi: ya kukamua bila kukaanga yana harufu nyepesi ya karanga karanga na rangi ya dhahabu, ya mbegu iliyokaangwa ni kahawia na harufu yake inajaza chumba. Yasiyonuka chochote ama yamesafishwa kiwandani ama umeuziwa kitu kingine. Yakinuka kama rangi ya mlango au kama karanga za mwaka jana yameharibika, usile na usimpake mtoto. Bora zaidi kama aliyewaletea alisimama mashineni mwenyewe akaona yanatoka, lakini mashine hizo hizo zinakamua alizeti pia, kwahiyo lita ya kwanza kutoka huwa ina mabaki ya waliotangulia. Ukinunua ya dukani angalia alama ya TBS, shirika la viwango.

Kupikia ni sawa kabisa, mchicha, samaki wa kukaanga haraka, kachumbari. Kwa bagia na mihogo ya kuchovya mafuta mengi ni hasara, ya kukamua yanaanza kutoa moshi karibu nyuzi 177 na yakishatoa moshi harufu inabadilika na uzuri wake unaungua. Lita mbili hizo zigawe kwenye chupa ndogo nyeusi, kabatini mbali na jiko, usiache kwenye dumu la njano dirishani. Yanadumu kuliko mafuta mengi kwasababu ya sesamoli iliyomo, lakini mwanga na joto la Ngamiani yatayashinda tu.

Mama mkwe usimwambie "daktari amekataa mafuta yako", maana sijayakataa. Mwambie mama, dokta kasema mkono wako ndo unaofaa kumkanda huyu mtoto ila ya puani na mdomoni tuache kwasababu ya mapafu, na hizo nimonia wazee wenyewe wamezishuhudia bila kujua zimetoka wapi. Akibisha mchukue mwende naye kliniki, amsikie muuguzi kwa masikio yake. Ukipima presha kesho niandikie imesoma ngapi na jina la vidonge ulivyopewa, nitakwambia kama kuna cha kuwahi.